Kekeo wa Kongowe

Chole, Kisarawe
5 Oktoba 2024

Mume wangu Abdulwahab,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, shule nzima. Vuli imeanza kubisha hodi na bati la nyumba ya walimu linavuja palepale ulipoziba wewe Idi ya mwaka jana. Fundi gani wewe! Ukija utaziba tena, na safari hii nitakusimamia na fimbo.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Simu nitakupigia jioni kwa salamu na kwa kugombana. Ila habari za ndege tunaandikiana kwa barua tangu tukiwa chuoni, na ni kwa barua hizo ulivyonipata, kwa hiyo usianze uvivu sasa. Mwishehe anakuja Kibaha na mzigo wa muhogo, bahasha ataiacha dukani kwa dada yako Biubwa kama kawaida.

Kwanza uhamisho. Miaka minne ya ndoa, na tumelala chumba kimoja wakati wa likizo tu. Afisa elimu ameniambia waziwazi kwamba hawaniachii bila mbadala. Lazima apatikane mwalimu wa Bayolojia wa huko, awe Kongowe, awe Mlandizi, popote, anayetaka kuja Kisarawe, tubadilishane vituo. Mimi niliye huku nitampata wapi? Mwezi wa sita uliniambia umesikia kuna mwalimu mmoja anatamani kurudi kwao Kisarawe. Ikawaje? Mtafute, Abdul. Mbembeleze, mpikie na pilau ikibidi. Nimechoka kuwa mke wa likizo.

Sasa raha yangu. Kekeo amerudi tangu mwanzoni mwa Septemba! Alikaa kwenye mkorosho nyuma ya maabara, mgongo wa kijivu, tumbo la milia, na analia huu-HUU, ya pili inapanda. Mramba walimkimbiza mpaka bondeni, wale weusi wenye mkia wa panda, kwa kuwa wanamjua: ndiye anayetaga kwenye kiota chao kisha wao wanabaki kulea.

Na wewe uliniambia unamtazama kekeo kila Jumamosi kwenye mikorosho ya marehemu Mzee Twalibu, ng'ambo ya bonde hapo Kongowe. Nataka kujua ni yupi, maana wapo wawili na wanafanana kama sare za shule. Yupo huyu wetu wa Afrika, na yupo wa Ulaya anayekuja huku kukimbia baridi ya kwao. Tazama mdomo: wetu una njano mpaka karibu nusu, wa Ulaya ni mweusi, njano yake kidogo tu pale shinani. Tazama manyoya ya pembeni ya mkia, upande wa chini: wetu ana mistari iliyokatiza kamili, wa Ulaya ana madoa. Sauti, kitabu kinasema wetu hupandisha na wa Ulaya hushusha, kuk-kuu.

Mzee Melkiori wa chama cha watazama ndege hapo Kibaha ameniomba makala ya jarida lao la Desemba. Nimewaza niwalinganishe kekeo hao, wa Chole na wa Kongowe, mke huku na mume kule. Itakuwa makala yangu ya kwanza kuchapishwa. Chukua darubini uniletee jibu.

Mkeo,
Mwanahalima


Kongowe, Kibaha
19 Oktoba 2024

Mke wangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Barua yako niliisoma nikicheka peke yangu mpaka Biubwa akaniuliza kama nimerukwa na akili. Bati nitaliziba, fimbo iache.

Uhamisho bado. Yule mwalimu wa mwezi wa sita alibadili mawazo. Unajua walimu wa mjini, akisikia Chole anauliza kama kuna umeme. Ninaendelea kutafuta, siku hizi kila ninayekutana naye namwuliza anafundisha nini. Vumilia kidogo, mama. Hata mimi usiku ni mrefu.

Kuhusu ndege, nimemwona leo asubuhi. Nilikaa chini ya mkorosho ule mkubwa wa tatu, ule uliolala, saa nzima bila kujikuna. Mdomo mweusi, njano kiduchu shinani. Mkia nimeuona aliporuka, madoa matupu. Kwa hiyo wa kwangu ni wa Ulaya, bila shaka yoyote. Wewe una mwenyeji, mimi nina mgeni. Makala imejiandika yenyewe.

Jumamosi ijayo nitarudi tena. Wikiendi usinipigie sana, nikiwa kule bondeni simu naizima asije akashtuka.

Wako daima,
Abdulwahab


Chole, Kisarawe
26 Oktoba 2024

Abdul wangu,

Umenifurahisha mpaka nimewasimulia kidato cha pili. Wakauliza, "Madam, mume wako naye ni mwalimu wa ndege?" Nikawaambia ni mtu wa ofisi, ila ana macho.

Nimeanza kuandika. Kiswahili kinawaita wote kekeo na basi, kwa hiyo nimewapa majina ya makala: kekeo mwenyeji na kekeo mpitaji. Mzee Melkiori ameyapenda. Lakini upande wangu una mengi na upande wako ni mdomo na mkia tu. Niongezee nyama. Anakula nini? Viwavi wale wenye manyoya? Mramba wa hapo wanamkimbiza au wanamwacha? Maana nadhani ndege ambaye hatagi huku mramba hawana ugomvi naye, ila sijui, na ndiyo raha ya jambo hili. Chochote ulichoona au kusikia, andika.

Kinda limeshatoka kiotani huku. Kubwa, limemzidi mramba anayelilisha, na bado linapanua mdomo. Nimelipiga picha, haikutoka vizuri.

Uhamisho usiusahau. Kila nikisahihisha madaftari jioni najiona nipo jikoni kwetu Kongowe, wewe unaniuliza chumvi iko wapi na iko mbele ya macho yako.

Mwanahalima


Kongowe, Kibaha
9 Novemba 2024

Mke wangu,

Ulitaka nyama, nimekuletea ng'ombe mzima. Ndani ya bahasha kuna memori kadi. Nimemrekodi! Jumamosi hii asubuhi, kwenye mkorosho uleule uliolala, alilia mfululizo. Kuk-kuu, kuk-kuu, ya kwanza juu, ya pili inashuka, vilevile kama kitabu chako kinavyosema. Mramba walikuwapo wawili, hawakumjali. Anakula viwavi.

Mwambie Mzee Melkiori kwamba mume wa Mwanahalima naye si haba.

Mwalimu wa kubadilishana bado, ila kuna fununu Mlandizi. Naifuatilia kwa karibu.

Abdulwahab


Chole, Kisarawe
13 Novemba 2024

Abdul! Abdul! Abdul!

Unajua ulichofanya? Hujui, nakuona ulivyokaa. Mimi nilikuandikia sauti ya kitabuni ili barua ikamilike, nikasahau kukuambia jambo ambalo kila mtazama ndege analijua: kekeo wa Ulaya akiwa huku kwetu hunyamaza. Anakula, anazurura, anaondoka, na sauti yake anaibakiza kwao. Ndiyo maana huku ukisikia kekeo analia huna haja hata ya darubini, ni wetu. Na wako analia! Mwezi Novemba! Nimesikiliza kadi ile mara nyingi hadi simu imeishiwa chaji. Inashuka kweli, kuk-kuu.

Nimemtumia Mzee Melkiori. Hakuamini. Nikamwambia mume wangu hana sababu ya kunidanganya, amekaa chini ya mti huo tangu mvua hazijaanza. Akasema ikiwa ni kweli litakuwa jambo kubwa kwa chama chao, na makala itakaa ukurasa wa mbele, majina yetu wote wawili. Wanakwenda kiwandani kuchapa wiki hii.

Anakuja kuona kwa macho yake Jumamosi ya tarehe 30, na wanachama watatu. Nami nimeomba ruhusa, nitakuja Ijumaa jioni. Nipikie. Nimefurahi mpaka naona aibu.

Mkeo, mke wa mtu maarufu,
Mwanahalima


Kongowe, Kibaha
18 Novemba 2024

Mwanahalima,

Nimekupigia simu hupatikani, Mwishehe anaondoka sasa hivi naandika haraka. Usije. Ndege ameondoka, sijamwona wala kumsikia tangu siku ile. Halafu tarehe hizo ofisi inanituma Morogoro. Mvua nayo huku imeharibu njia yote ya bondeni, wazee wa watu watateleza bure. Mwambie Mzee Melkiori asubiri mwakani. Na makala kama inawezekana waiondoe hiyo sehemu ya sauti, sipendi kujitangaza.

Abdulwahab


Kibaha
2 Desemba 2024

Mwalimu Mwanahalima,

Habari za kazi. Natumaini ulifika Chole salama baada ya siku ile ya Jumamosi. Uliondoka bila kunywa hata chai, nami nilikuelewa.

Imenibidi niandike ili mambo yakae sawa chamani. Wewe mwenyewe ulitufikisha kwenye shamba la marehemu Mzee Twalibu na wote tulikuta ukuta na misingi ya nyumba. Fundi aliyekuwa akifyatua matofali pale alisema mikorosho ilikatwa yote mwezi wa saba, haukubaki hata mmoja. Kwa hiyo ndege aliyesemwa kuonekana Oktoba na Novemba juu ya mkorosho uliolala hakuonekana, kwa kuwa mkorosho wenyewe haupo.

Nimesikiliza sauti tena kwa utulivu. Kwa nyuma kuna ndege mwingine anayeimba ambaye hayupo Afrika, na kengele za kanisa zinalia kwa mbali. Bi Jenifa wa kamati ameitafuta mtandaoni na ameipata, imerekodiwa Ulaya na mtu mwingine. Hapa ilichezwa kwenye simu moja na kurekodiwa kwa nyingine.

Jarida lilikuwa limeshachapwa. Tumebandika kipande cha masahihisho ukurasa wa mbele. Sikulaumu wewe, mwalimu, na nimesema hivyo mbele ya kamati. Ila kamati imeona hata kekeo wako wa Chole na lile kinda lake tuwaweke kando mpaka mtu mwingine aende kuthibitisha. Mimi nilibisha, nikashindwa kwa kura.

Nakuombea utulivu.

Melkiori


Chole, Kisarawe
4 Desemba 2024

Abdulwahab,

Nimeifungia namba yako, usihangaike kupiga. Andika kama ulivyozoea, kalamu yako ni nyepesi.

Nilisimama mbele ya ule ukuta na wageni wanne wenye darubini shingoni. Nilikuwa mbele, nawaonyesha njia, naongea kama mwenye shamba. "Mkorosho ni wa tatu kutoka hapa, umelala, mume wangu hukaa chini yake." Mzee Melkiori akavua kofia akatazama chini. Yule fundi matofali alicheka, si kwa ubaya, alidhani tumepotea. Nikajaribu kucheka naye.

Barua yako ya kunizuia ilinifikia nimechelewa kuwarudisha wazee, na humo ulisema upo Morogoro. Biubwa nilimkuta dukani, nikamwuliza umeondoka lini, akaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Dada yako hajui kusema uongo, sijui wewe ulirithi kwa nani.

Kekeo wangu ni wa kweli. Nimemwona, nimemsikia, nimemwona kinda wake akilishwa. Sasa hakuna anayemwamini kwa kuwa nilimweka ukurasa mmoja na wako. Umenipaka matope mbele ya watu ambao nilihangaika wanijue kwa jina langu, si kama mke wa mtu. Na niliapa kwa ajili yako. Nilimwambia yule mzee huna sababu ya kunidanganya. Kila nikilikumbuka neno hilo nahisi homa.

Sitaki maelezo ya ndege, ya ndege nimeshapata. Nataka jibu la swali moja. Jumamosi zote hizo ulizozima simu ili asishtuke, ulikuwa wapi?

Mwanahalima


Kongowe, Kibaha
8 Desemba 2024

Mke wangu mpenzi Mwanahalima,

Nakuandikia nikiwa nimepiga magoti moyoni. Nimekosa. Kazi ofisini zilinizidi, wikiendi nilikuwa nafanya vibarua vya mahesabu kwa watu ili tupate mtaji wa maisha yetu ukihamia. Niliona ukiwa na hamu ya makala nikaogopa kukukatisha tamaa. Nilikumbuka shamba lile lilivyokuwa zamani, nikaandika. Barua ya pili ikavuta ya tatu. Na wale ndege wenyewe wanafanana, hata wataalamu hukosea, sikujua kama jambo dogo litafika kwa wazee na jarida.

Nilifanya kwa mapenzi. Ungekuwa karibu nami yasingetokea haya, na ndiyo maana napigania uhamisho wako usiku na mchana. Mwalimu bado hajapatikana lakini sikati tamaa.

Nisamehe, mama. Fungua simu.

Abdulwahab wako


Mlandizi
15 Desemba 2024

Kwa Dada Mwanahalima,

Assalaam aleikum warahmatullah. Hunijui. Naitwa Maua, ni mwalimu wa sekondari hapa Mlandizi, Bayolojia na Kemia kama wewe. Jina lako na kituo chako ninavijua tangu mwezi wa sita. Bahasha hii nimempa Biubwa, yeye ndiye aliyenifungua macho juzi, alikuja kwangu analia, akasema hawezi tena kukutazama usoni.

Mimi ndiye yule mwalimu aliyetaka kurudi Kisarawe. Kwetu ni Masaki, ile ya hukohuko Kisarawe. Mama yangu amepooza upande mmoja na yupo na jirani, na mimi ndiye mwanawe pekee. Abdulwahab alikuja shuleni kwetu kuniuliza kama nitakubali kubadilishana na mkewe. Nilikubali palepale. Masaki na Chole si mbali kwa bodaboda, ningemhudumia mama. Nilimshukuru mpaka nikamtilia chai.

Aliporudi mara ya pili akasema umeghairi. Akasema Chole umepazoea, una wanafunzi wako na ndege wako, umeomba ubakie huko. Akasema mmekaa mkakubaliana aoe mke wa pili awe naye huku, na wewe umetoa ridhaa kwa kinywa chako. Nilimwomba namba yako nikusalimie kama mdogo kwa mkubwa. Akanijibu kwamba wewe ni mtu wa barua, ukiwa tayari utaniandikia. Nilisubiri barua yako, dada. Ndoa ilifungwa Agosti nyumbani kwa mjomba. Kila Ijumaa jioni huja, huondoka Jumatatu alfajiri.

Kuna jingine, nalo linanichoma zaidi kwa sababu mkono wangu umo. Jumamosi moja alikaa barazani kwangu akicheza sauti ya ndege kwenye simu, anairudia. Nikauliza, akasema ni kazi ya ofisi. Akaniomba simu yangu airekodi. Mimi ndiye niliyemshikia. Jogoo wa jirani aliwika katikati, tukafuta, tukarudia. Tulicheka. Sikujua kama anayechekwa ni wewe.

Sikuombi unisamehe, maana sijui kama nimekosa au nimekosewa. Nimeona tu usiendelee kusubiri mwalimu asiyepatikana. Alipatikana siku nyingi.

Maua


Chole, Kisarawe
20 Desemba 2024

Mwalimu Maua,

Waaleikum salaam. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kisha nilikwenda kisimani kuteka maji ambayo sikuyahitaji.

Nitasema ukweli, sikupendi. Labda nitakuja kukupenda, leo hapana. Nikifikiria chai uliyomtilia, nikifikiria mmeshika simu pamoja mnacheka jogoo, natamani nikurukie. Nilimwambia mimi mwenyewe akubembeleze. Nilimwandikia Oktoba, mtafute, mpikie pilau, na wakati huo mmeshaoana! Alikuwa akinisoma barazani kwako. Alikuwa akiniita mama kwa kalamu ileile. Miaka yote nimekula Idi kwa ratiba ya shule, nikilala peke yangu na kujisifu kwa walimu wenzangu kwamba wangu haponyoki kwa sababu tunaandikiana. Angeniambia anataka mke wa pili ningelia, ningegomba, ningekataa au ningekubali, lakini ningekuwa nimeambiwa. Dini haikumkataza kuoa. Alichotaka yeye ni kutuweka wawili kila mmoja na hadithi yake.

Wifi Biubwa aliniambia nikuite kekeo, umetaga kwenye kiota cha mwenzio. Nimekataa. Kekeo hajawahi kumwandikia mramba kwamba anampenda, na wewe hukujua kiota ni cha nani. Siwezi kumkosea ndege kwa hasira.

Sasa tuzungumze kazi. Wewe unataka Kisarawe kwa ajili ya mama yako. Mimi nilitaka Kibaha kwa ajili ya mume, na hiyo sababu imekufa, lakini hapa Chole nako siwezi tena kukaa, kila mti una barua yangu kwake. Nataka mahali ambapo nitatoka kazini nikakutana na watu wenye darubini, na waniamini upya kwa macho yao. Masomo yetu ni yaleyale, daraja letu ni moja. Tubadilishane, kama tulivyotaka wote wawili kabla hajatia mkono. Upande wangu nitausimamia mwenyewe, upande wako usimamie mwenyewe. Tusimpe mtu yeyote atufuatilie.

Mwanahalima


Mlandizi
27 Desemba 2024

Dada Mwanahalima,

Nimekubali. Mkuu wangu wa shule amesaini leo, halmashauri nitakwenda wakifungua. Yeye sijamwambia. Mara hii na mimi nina jambo la kumficha, na nimeona si vigumu, ila hakuna raha yoyote ndani yake.

Maua


Kongowe, Kibaha
1 Machi 2025

Mke wangu mpenzi, mama wa nyumba yangu,

Alhamdulillahi! Jamaa yangu wa halmashauri amenidokeza kwamba uhamisho wako umepita. Nimesujudu kulekule ofisini. Unaona sasa? Mungu amejibu dua zangu. Umeninyima simu miezi yote hii, nami nimestahimili kwa kuwa najua hasira zako ni za mwenye kupenda.

Nimepaka chumba rangi, ile ya maziwa uipendayo. Nimenunua godoro jipya na rafu ya vitabu vyako vya ndege. Yaliyopita tuyazike. Kuna mambo mawili matatu ya kuzungumza ukifika, ya kiutu uzima, ila ukiwa umeshatulia nyumbani tutayaweka sawa, wewe ni mwelewa.

Nidokeze siku nije na gari kupokea vyombo. Na huyo mwalimu aliyekubali kubadilishana nawe ni nani? Mwema kweli. Nipe jina lake nimtafute nimshukuru.

Mumeo,
Abdulwahab


Mlandizi
8 Machi 2025

Abdulwahab,

Vyombo vyangu vimeshafika. Angalia nilipoandikia barua hii. Nimepanga chumba hapa Mlandizi karibu na shule, sikuja Kongowe na sitakuja. Chumba ulichopaka rangi lala mwenyewe.

Nilikupenda, na nalisema bila aibu kwa kuwa aibu si yangu. Nilipenda hata uvivu wako. Ungenivunja kwa neno moja la kweli ningeinuka nikajifuta vumbi. Wewe ulinivunja kidogo kidogo, kila wiki mbili, kwa mwandiko mzuri, na kila mara nilikushukuru. Hilo siwezi kuliweka sawa nikishatulia, kama unavyosema. Kila nikikaa nahesabu tena ni barua ipi uliandika ukitokea kwake na ipi ukienda kwake.

Kaka yangu Amiri atakuja wiki ijayo na wazee wawili kuzungumza talaka. Uwapokee vizuri na usiwaletee habari za vibarua vya mahesabu. Mambo yako mawili matatu ya kiutu uzima wanayajua yote.

Umeuliza jina la mwalimu ili umshukuru. Anaitwa Maua. Aliripoti Chole Jumatatu, na mama yake amehamia naye. Alhamisi alirudi huku Mlandizi kuchukua nguo zake ukiwa kazini, mimi ndiye niliyemsaidia kufunga mizigo. Ya ndoa yenu atakuandikia mwenyewe, ameomba hilo nimwachie yeye. Ijumaa usije huku, hakuna mtu wa kukufungulia.

Mwanahalima